Makanisa ya Kale ya Nyasa ni Mali ya Nani?

Kila linapotajwa neno utamaduni wa taifa, fikira za wengi wetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na methali. Hatuna ugomvi na hayo. Yote ni mali yetu na yanastahili heshima. Lakini ipo sanaa moja ambayo tunalala ndani yake, tunasomeshwa ndani yake na kuozwa ndani yake, nayo tunaisahau: sanaa ya ujenzi. Na katika sanaa hiyo lipo fungu ambalo baadhi ya wenzetu hawapendi hata kulisikia likitajwa katika mazungumzo ya utamaduni, nalo ni makanisa ya kale. Sisi tunadai kwamba makanisa ya matofali na mawe yaliyojengwa tangu mwisho wa karne ya 19 katika nchi ya Mbinga, Songea na mwambao wa Ziwa Nyasa ni urithi wa Watanzania wote. Na kwamba kuyabomoa, au kuyafunika kwa saruji bila hata kuyapima, ni kuuteketeza ushahidi wa akili na mikono ya babu zetu.

Tuseme mapema kwamba hapa hatuhubiri dini. Mwislamu wa Mbamba Bay ana haki katika jambo hili sawa na Mkristo wa Litembo, na asiye na dini yoyote ana haki vilevile. Jengo la ibada lina wenyewe wawili: waumini wanaolitumia, na taifa ambalo watu wake walilijenga. Mwenye kulitumia akichoka nalo, mwenzake bado hajachoka.

Wapo wanaotupinga kwa kusema: “Majengo hayo ni ya wakoloni. Mzungu alikuja na ramani yake na dini yake. Basi yakianguka na yaanguke.” Maneno hayo yana sura ya uzalendo, lakini tukiyachungua tutaona kwamba yanampa mgeni heshima asiyostahili. Yanasema kwamba aliyechora mstari katika karatasi ndiye mjenzi, na kwamba aliyechimba udongo, akaukanda, akaufyatua, akauchoma, akaupanga kwa timazi hadi ukawa ukuta, huyo si kitu. Hiyo ndiyo hesabu ya mkoloni hasa! Yeye ndiye aliyeandika jina lake juu ya jiwe la msingi na kuyaacha majina ya waashi nje ya kitabu. Leo sisi, kwa kudhani kwamba tunampinga, tunaipigia muhuri hesabu yake.

Tutazame mfano wa Mkunazini, Unguja, ambako misheni ya Waanglikana iliyojulikana kwa herufi UMCA ilianza kujenga kanisa lake kuu mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Kazi iliongozwa na Askofu Edward Steere, yule aliyeandika pia juu ya sarufi ya Kiswahili. Wageni wanaozuru kanisa hilo husimuliwa, tena kwa kicheko, kwamba askofu alipokuwa safarini mafundi walizisimamisha nguzo fulani juu chini. Kicheko hicho kimeishi zaidi ya miaka 100. Lakini ni wageni wangapi huambiwa wainue macho? Juu ya vichwa vyao limepinda paa zima kama mgongo wa mtumbwi uliofudikizwa, paa la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, lisilo na nguzo hata moja katikati. Mikono iliyochekwa kwa sababu ya nguzo ndiyo iliyolipandisha paa hilo. Hadithi ya kosa imehifadhiwa, na hadithi ya ustadi imeachwa. Je, tutaendelea kuisimulia historia ya ujenzi wetu kwa namna hiyo?

Kutoka Unguja misheni hiyo ilifika Ziwa Nyasa, ikaweka makao yake katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885. Huko lilijengwa, kati ya mwaka 1903 na 1911, kanisa kuu la mawe na matofali ambalo ukubwa wake huwashangaza mabaharia mpaka leo. Kisiwa hicho kimo katika nchi ya Malawi. Lakini kwa miaka mingi vijiji vya mwambao wetu, Liuli vikiwamo, vilikuwa chini ya dayosisi iliyoongozwa kutoka huko, na padri William Percival Johnson, aliyezunguka mwambao huo kwa miaka zaidi ya 40, alizikwa Liuli mwaka 1928. Kusini zaidi, huko Blantyre, Wamisionari wa Kanisa la Scotland walijenga kanisa la matofali kati ya mwaka 1888 na 1891. Kiongozi wa kazi, David Clement Scott, hakuwa amesomea uchoraji wa majengo. Waliofyatua matofali walikuwa wenyeji, nao walitumia matofali ya maumbo 81 mbalimbali ili kupata matao, nguzo na mapambo ya kuta. Mwalimu wa hisabati na alifikirie jambo hilo pamoja na wanafunzi wake. Kila umbo lilitaka kalibu yake; kila kalibu ilitaka kipimo chake; na kila kipimo kilitaka mtu anayejua kwamba udongo hunywea unapokauka, na hunywea tena unapochomwa. Kazi kama hiyo haifanywi na mikono isiyo na akili.

Hapo mpinzani wetu atauliza: maarifa hayo wenyeji waliyapata wapi, kama si kwa Mzungu? Jibu ni kwamba tofali lenye pembe nne, tao na dirisha la kioo vililetwa, hatukatai. Lakini udongo haukuletwa na moto haukuletwa. Kaskazini mwa ziwa hilihili wanawake wa Kikisi wamekuwa wakifinyanga na kuchoma vyungu vinavyosafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa magulioni, nao wanajua udongo upi huvumilia moto na upi hupasuka. Katika milima ya Umatengo wakulima wamelima kwa ngolo tangu kabla ya misheni yoyote: hulaza majani yaliyofyekwa kwa miraba, huyafukia kwa udongo, na mlima mzima huwa mashimo yaliyopangwa kama sega la asali, ili maji ya mvua yatulie na yasiporomoshe ardhi. Hatusemi kwamba mfinyanzi wa Kikisi ndiye aliyefyatua tofali la Peramiho, wala kwamba ngolo ni kanisa. Tunasema kwamba watu wanaoujua udongo kwa kiasi hicho hawakuwa mikono mitupu ikingojea kuamriwa. Walipopewa umbo jipya walilijaza kwa maarifa ya zamani.

Isitoshe, umbo lenyewe ni kitabu, na wanafunzi wetu wanastahili kufundishwa kulisoma. Chukua Wamethodisti, waliofika Ribe karibu na Mombasa mwaka 1862 wakiongozwa na Johann Ludwig Krapf. Dini yao ilichipuka Uingereza katika karne ya 18 kutokana na mahubiri ya John Wesley; kwa hiyo katika desturi yao nyumba ya ibada ilikuwa chumba cha mahubiri kwanza, chumba sahili ambamo mimbari huonekana na kila mtu na neno la mhubiri humfikia aliyekaa nyuma. Ilipojengwa Likoma, nia ilikuwa nyingine: Waanglikana wa UMCA walitaka safari ndefu ya macho kutoka mlangoni hadi madhabahuni, ndiyo maana jengo likarefuka. Peramiho nako, kwa Wabenedikto, kanisa lilipaswa kuwapa nafasi watawa wanaosali pamoja mara nyingi kwa siku, mbali na nafasi ya waumini wengine. Watu wa aina tatu, nia tatu, na ramani tatu. Mwanafunzi anayeweza kuingia katika jengo na kusema, kwa kuutazama mpango wake tu, watu wake waliamini nini na nani alikaa mbele ya nani, huyo amejifunza historia kwa macho yake.

Na Peramiho hatuwezi kupita bila kusimama. Misheni ilianzishwa hapo mwaka 1898, mwaka uleule ambao Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni, misheni hiyo iliteketezwa kwa moto. Baadaye ikajengwa tena, na kanisa kubwa la abasia tunaloliona leo likasimamishwa katika miaka ya 1940. Mjini Songea taifa letu limehifadhi kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na lina makumbusho ya vita hivyo. Tumefanya vema. Lakini vita havikupiganwa Songea mjini tu, wala ushahidi wake si makaburi peke yake. Kuta zilizoteketea na kuta zilizoinuliwa juu ya majivu ni sehemu ya habari ileile. Anayelilinda kaburi na kuupuuza ukuta ameisoma nusu ya ukurasa.

Hatusemi kwamba kazi ile yote ilikuwa ya hiari. Mtu anayedaiwa kodi huenda akabeba mawe kwa sababu hana pengine pa kuipata fedha. Walikuwapo walioimba wakibeba matofali, na walikuwapo waliobeba wakinung’unika. Lakini je, jasho lililotoka kwa dhuluma linapungua thamani, au linazidi kudai kukumbukwa? Hakuna anayedai kuyabomoa mahandaki na ngome kwa sababu waliozijenga hawakulipwa haki yao. Tunazihifadhi kwa sababu hiyohiyo.

Tazameni pia jinsi tunavyohukumu kwa mizani miwili. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 na ambao ulipanuliwa kwa kuba na matao katika karne ya 14, tunaupokea kwa fahari, nao pamoja na magofu mengine ya Kilwa na Songo Mnara umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Hatusemi kwamba si wetu kwa kuwa dini iliyoujenga ilivuka bahari. Tunasema, kwa haki kabisa, kwamba Waswahili walilichukua lililokuja wakaligeuza kuwa lao kwa matumbawe ya pwani yao. Basi lililo haki kwa matumbawe ya Kilwa halina budi kuwa haki kwa udongo wa Umatengo.

Mizani hiyo miwili imeingia hata katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo likapata ulinzi kwa umri wake tu, na lililojengwa baadaye likabaki kungoja tangazo la Waziri. Mwaka 1863! Misheni ya kwanza ya Kikristo ya kudumu katika bara letu la Tanzania, ile ya Bagamoyo, ilianza mwaka 1868. Likoma mwaka 1885. Kigonsera mwaka 1899. Litembo mwaka 1914. Kwa maneno mengine, mpaka huo haukuliacha nje kanisa moja au mawili. Uliyaacha nje yote. Waziri ana uwezo wa kulitangaza jengo lolote kuwa kumbukumbu, na uwezo huo ni mzuri; lakini Waziri hawezi kulitangaza jengo ambalo hakuna aliyemwambia kwamba lipo. Na sisi, walimu na watumishi wa maeneo hayo, ndio tuliopaswa kumwambia.

Sasa tuwageukie wapinzani wa upande wa pili. Hawa si wachukia makanisa. Ni waumini wenyewe. Wao husema: “Tumeongezeka. Kanisa la babu ni dogo, lina giza, na linatuaibisha mbele ya wageni. Tunataka kanisa la kisasa.” Kuongezeka ni kweli, na haja ya nafasi ni halali. Lakini tumeona mara nyingi mno jinsi haja hiyo inavyotimizwa: ukuta uliosimama kwa vizazi vitatu huangushwa kwa siku mbili, matofali yake humwagwa shimoni, na mahali pake huinuliwa sanduku la saruji lenye madirisha ya alumini na paa la bati jembamba. Jua likiwaka, waumini hutoka jasho. Mvua ikinyesha, padri hunyamaza, maana hakuna anayemsikia. Huo ndio usasa?

Mjenzi wa zamani alijua alichokuwa akikifanya. Ukuta wake ulikuwa mnene, hivyo joto la mchana lilichelewa kupenya. Madirisha yake aliyaweka juu ili hewa moto itoke, na upenu wake aliutokeza nje ili mvua isiupige ukuta. Palipokosekana nondo alitumia tao, kwa kuwa tofali huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, na tao huugeuza uzito wote kuwa mbano hadi chini kwenye msingi. Matofali yake yaliyochomwa kwa moto wa kuni, na tope au chokaa iliyoyashika, viliweza kunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukija leo ukaupiga ukuta huo lipu ya saruji kwa nia ya kuupamba, umeuziba pumzi. Maji yanayopanda kutoka ardhini hayapati pa kutokea. Hubaki ndani, yakaulainisha udongo, na baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na uso wa tofali. Kisha mkubwa wa kamati husema: “Mnaona? Jengo limechakaa.” Halikuchakaa, limenyongwa.

Hapa watu wa bonde la Ngaka wana jambo la kutafakari kuliko wengine. Ardhi yao imejulikana nchini kote kwa makaa ya mawe, na tangu uchimbaji mkubwa ulipoanza mwaka 2011 makaa hayo yamekuwa yakinunuliwa na viwanda vya saruji. Barabara ya lami nayo imefika Mbamba Bay. Basi mkaa wa Ngaka husafiri kwenda kuchoma saruji, na saruji hurudi kwa lori kuyafunika matofali ya Mbinga. Hatuilaumu saruji, shule, madaraja na zahanati zetu zinaihitaji. Tunalaumu fikira kwamba kilichosafiri mbali ndicho bora, na kilichochimbwa nyuma ya nyumba ni cha kuonea haya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbachao, na msala wenyewe tumeununua kwa mkopo.

Wala hatuwataki watu wote warudie tanuri la kuni. Misitu yetu haiwezi kustahimili hilo, na mwenye kulipendekeza hajaviona vilima vilivyo uchi. Lakini hapo ndipo hoja yetu inapopata nguvu. Miti iliyochoma matofali ya zamani ilikwisha kukatwa. Gharama hiyo ilikwisha kulipwa na kizazi kilichopita. Kuyavunja matofali hayo ni kuichoma miti ileile mara ya pili. Ikiwa waumini wameongezeka, na wajenge kanisa jipya kando, na la zamani wakaligeuza maktaba, darasa, ukumbi wa vijana au mahali pa kuwekea kumbukumbu za kijiji.

Wengine watatuambia kwamba taifa lina shida kubwa zaidi: madawati, dawa, maji. Ni kweli. Lakini tunayoyaomba hayahitaji fedha nyingi. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, hakusema kwamba taifa lingoje litajirike ndipo litafute nafsi yake. Na katika hotuba hiyohiyo alionya kwamba kufufua utamaduni wetu si kuukataa utamaduni wa wengine, na kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine limepungukiwa akili. Mafundi wa Nyasa walijifunza kwa wengine. Kosa lao ni nini hata tuyakane matunda ya kujifunza kwao?

Tunaloliomba ni hili. Kila shule ya sekondari iliyo karibu na kanisa la kale, au msikiti wa kale, au boma la kale, na ilipime jengo hilo. Wanafunzi wa hisabati wapime urefu, upana na unene wa kuta. Wa jiografia watafute udongo ulichimbwa wapi. Wa historia wawaendee wazee na kuwauliza nani walikuwa waashi, maseremala na wafyatuaji, na watoto wao wako wapi. Wa Kiswahili wakusanye maneno ya kazi hiyo kabla hayajazikwa pamoja na waliokuwa wakiyatumia. Nakala moja ibaki shuleni, moja iende kwa halmashauri, na moja kwa idara ya mambo ya kale. Halmashauri nazo zisitoe kibali cha kubomoa jengo lililozidi miaka 70 kabla ya kazi hiyo kufanyika. Vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kutengeneza ukuta wa tofali na chokaa, si kumwaga zege peke yake. Na wenye kutunga sheria waufikirie upya mwaka 1863, maana historia ya nchi hii haikukoma mwaka huo.

Wazee waliofyatua matofali ya makanisa ya Umatengo na Unyasa wamekwisha kufa karibu wote. Waliosaidia baba zao kubeba maji ya kukandia udongo ndio wazee wa leo, nao hawatakuwa nasi muda mrefu. Mwalimu anayeahirisha kwenda kuwauliza kwa sababu muhula una shughuli nyingi ataikuta kazi hiyo ikimngoja muhula ujao, lakini mzee huenda asimkute.

Basi, makanisa ya kale ya Nyasa ni mali ya nani? Si ya Mjerumani, maana amekwenda zake. Si ya Mwingereza, maana naye amekwenda. Si ya kamati ya ujenzi ya mwaka huu, maana mwaka ujao itachaguliwa nyingine. Ni mali ya watu ambao udongo wao uliingia tanurini na kutoka ukiwa ukuta. Watu hao ni sisi, na mwenye mali asiyeijua mali yake hana wa kumlaumu ikichukuliwa.